Muhogo wa Jumamosi

Katika daftari la matukio la kituo kidogo cha polisi, kifo cha Deodata kiliandikwa mistari minne. Juu yake, kwenye ukurasa ule ule, kulikuwa na malalamiko mengine ya mistari miwili, na pembeni mtu alikuwa amechora uso unaocheka.

Sajenti Francisca alisoma mistari ile miwili mara ya pili.

"Danstan, hii ni nini?"

Konstebo Danstan alikuwa anafuta helmeti ya pikipiki kwa mkono wa shati. Alichungulia. "Aa, hiyo? Kina mama wa Kashinga, afande. Walikuja Jumapili kabla ya misa. Wanasema wameibiwa muhogo waliouloweka mtoni. Magunia tisa."

"Na huu uso?"

"Afande, muhogo uliokaa majini siku tatu! Unanuka hadi mbwa anahama. Nani atabeba magunia tisa ya kitu hicho?"

"Ndilo ninalokuuliza," Francisca alisema. "Nani?"

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Jalada lilikuwa mezani, jembamba. Deodata, miaka ishirini na miwili, mama wa mtoto wa miezi minne. Alikutwa Jumapili alasiri amenasa kwenye wavu wa vyuma, pale maji ya ziwa la Kashinga yanapoingia kwenye bomba kwenda kuzungusha mtambo wa umeme. Maharusi kutoka Rusumo walikuwa wanapigwa picha ukingoni, na mpiga picha ndiye aliyeuona mkono kwanza. Marehemu alikuwa na jeraha kwenye paji la uso.

Mume wake, Theonest, alikuwa mtunza mitumbwi ya kukodisha hapo hapo ziwani. Ijumaa, mbele ya watu waliokuwa wanakula samaki, alisikika akimwambia mkewe, "Nitakutupa humo ziwani wewe!" Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kwenye maziko ya katekista. Theonest alichimba kaburi na wenzake tangu asubuhi, na saa tano akaweka koleo chini akaondoka. Alirudi saa sita na nusu na mtoto mikononi. Alisema alikwenda kutafuta dawa ya homa ya mtoto, akakuta duka limefungwa kwa sababu ya msiba. Akapita nyumbani, akamkuta mtoto amelazwa mlangoni peke yake na mama yake haonekani. Hakuna aliyemwona njiani. Wote walikuwa kaburini.

Kesho asubuhi angesomewa shitaka la mauaji. Mauaji hayana dhamana. Mtoto yule angejifunza kutembea, na kusema, na pengine kusoma, kabla kesi ya baba yake haijaisha.

"Una hadi saa kumi na mbili jioni," Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa amemwambia kwa simu. "Ukipata kitu, nipigie. Usipopata, jalada linakwenda."

Francisca alizungumza na Theonest katika mahabusu ya wilaya mara mbili. Mara zote mbili yule kijana alikuwa na swali moja tu: "Afande, nani alimlaza mtoto mlangoni?" Wote walioandika maelezo yake waliliruka swali hilo. Mtuhumiwa hujibu, haulizi.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya daktari. Amekufa kwa maji. Jeraha limetokana na kitu kigumu kisicho na ncha. Halafu, chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka: changarawe ndani ya blauzi na kwenye nywele; chini ya kucha, kitu cheupe kama uji mzito.

Alifunga jalada. "Washa pikipiki. Tunaanzia ziwani, halafu nataka kuwaona hao wenye muhogo."

"Kweli, afande? Muhogo?"

"Umechora vizuri. Sasa twende ukawacheke usoni."

*

Ziwa la Kashinga lilitengenezwa na ukuta. Ushirika wa umeme wa vijiji vitatu ulijenga ukuta ule kuziba mto mdogo unaotoka upande wa Mbuba, ili mtambo upate maji na zahanati ipate taa. Maji yakajaa bondeni, yakatulia, yakapendeza. Baadaye ikaja mitumbwi minne ya plastiki yenye umbo la bata, inayokwenda kwa kukanyaga pedali kama baiskeli, na jiko la samaki, na spika mbili. Jumanne ile viti vilikuwa vimeegemezwa mezani na spika zimefunikwa magunia.

Projestus, msimamizi wa eneo la starehe, aliwapokea kabla pikipiki haijazimwa.

"Karibuni, maafande. Tutafungua lini? Samaki wangu wanaharibika."

"Mtu amekufa, Projestus."

"Najua, mama, najua. Nasema tu."

Francisca alisimama mbele ya kibao kilichopigiliwa kwenye mti. Marufuku kuogelea. Marufuku kufua. Marufuku kuloweka muhogo.

"Hii ya tatu nani ameiweka?"

"Mimi. Mgeni anatoka Ngara mjini, mwingine ni wakala wa forodha kutoka Rusumo, kaja na mke wake kula samaki, halafu upepo umletee harufu ile? Nikawaambia kina mama, teremkeni huko, chini ya ukuta."

"Wanatii?"

"Mwaka wa pili huu hawajagusa hapa."

Francisca alichukua kasia, akalizamisha ukingoni hadi likagota, akalitoa. Lilikuwa na tope jeusi, laini kama unga. Aliliosha, akasogea hatua ishirini, akazamisha tena. Tope.

"Changarawe iko wapi?"

"Hapa? Hapa tope tupu, afande. Changarawe iko mtoni, huko huko chini."

"Jumamosi nani alikuwa hapa?"

"Hakuna. Nilifunga saa mbili, tukaenda msibani wote."

"Mitumbwi yote ilikuwa imefungwa?"

Projestus alitazama spika zake. Danstan aliacha kutembea.

"Projestus."

"Wa nne," alisema kwa sauti ndogo. "Jumapili asubuhi niliukuta upande wa pili, karibu na wavu. Nikaurudisha, nikaufunga mnyororo."

"Ukanyamaza."

"Ufunguo wa mnyororo ninao mimi, na anao Theonest. Mimi watu wameniona mazikoni mwanzo mpaka mwisho. Nikisema, si ninamkaanga kijana wangu mwenyewe?"

"Basi hapo imekwisha, afande," Danstan alinong'ona.

"Ufunguo mwingine hakuna?" Francisca aliuliza.

"Hakuna. Labda ule wa mzee wa mtambo. Wakati wa masika anachukua mtumbwi kuchokoa majani yanayoziba wavu. Lakini yule mzee wetu..." Projestus alipunga mkono kuonyesha kwamba wazo hilo halina maana.

Danstan alikuwa amechuchumaa kwenye mtumbwi wa nne. Alipitisha kidole kwenye pedali, akakinusa, akakunja uso. "Grisi gani hii inanuka sangara?"

"Grisi tuitoe wapi? Tunapaka mafuta yaliyobaki ya kukaangia. Laini kabisa, wageni hawajawahi kulalamika."

"Ndiyo maana paka wanawafuata hadi majini," Danstan alisema, akajifuta kwenye majani.

*

Kutoka kwenye ukuta hadi mahali pa kulowekea ni hatua kama mia tatu kwa njia ya toroli. Mto hapo ni mpana, hauzidi magoti, na chini yake kuna changarawe nyeupe. Mambo tisa za miti, vigingi vya kufungia magunia, zilikuwa zimechomekwa kando kando ya maji. Kila mambo ilikuwa na kipande cha kitenge kilichofungwa juu, rangi yake mbalimbali, ili kila mama ajue gunia lake.

Niragira alikuja na wenzake wawili. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na alianza kusema akiwa bado mbali.

"Huyu ndiye aliyetucheka!" Alimnyooshea Danstan kidole. "Mwanangu, ugali wa nyumbani kwenu ulipikwa kwa unga gani? Wa ngano?"

"Samahani, mama," Danstan alisema.

"Samahani hailiki."

"Shikamoo, mama," Francisca alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe angalau umekuja kuona."

"Niambie tangu mwanzo. Mara ya mwisho kuyaona magunia ni lini?"

"Ijumaa jioni. Mvua ilikuwa imenyesha sana mchana, nikasema nije nikague, isije maji yakatubebea. Nilikuta yote, tisa, na mawe yake juu. Jumamosi hatukuja, tulikuwa na msiba. Jumapili alfajiri nakuja kutazama, hakuna hata moja! Hata mawe, mwanangu. Mwizi gani anaiba mawe?"

Francisca alikuwa anatazama majani ya ukingoni. Yote yalikuwa yamelala upande mmoja, kuelekea mto unakokwenda, kama nywele zilizochanwa. Mambo tatu zilikuwa zimeinama upande huo huo. Alikwenda kwenye kichaka kilichokuwa juu kidogo ya maji. Tope jeusi lililokauka lilikuwa limeshika kwenye matawi. Alijipima nalo. Lilimfika kifuani.

"Danstan, njoo uguse."

Danstan alilisaga kati ya vidole. "Hili ni la ziwani, afande."

"Mvua ilinyesha Jumamosi?"

"Jumamosi lilikuwa jua kali," Niragira alisema. "Padri alikuwa anajifuta jasho kila akisoma mstari."

"Gunia la Deodata lilikuwa lipi?"

Wale kina mama wawili waliangalia chini. Niragira alionyesha mambo yenye kitambaa cha njano. "Lile. Yeye aliloweka Jumanne, siku moja kabla yetu. Siku yake ya kutoa ilikuwa Jumamosi."

"Ukipitisha siku?"

"Kwa joto lile? Unakuwa uji. Unateleza mkononi, unanuka, unamwaga."

"Uji mweupe."

"Mweupe, eeh. Unaingia hadi kwenye kucha, hautoki leo wala kesho."

Danstan alimtazama Francisca. Hakuwa anacheka tena.

"Mama Niragira, Deodata angeweza kuja kuutoa hiyo Jumamosi?"

"Siku ya maziko? Hapana. Hapa kwetu siku ya maziko hakuna anayeshika jembe wala anayekuja mtoni. Hata mtoto mdogo anajua."

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu, mwanangu. Ndiyo maana huyo mwizi alichagua siku hiyo!"

*

Bonifasia, mama yake Theonest, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, anamnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nusu yalikuwa yanamwagika shingoni. Mtoto aliitwa Iteka. Alikataa kijiko, akageuza kichwa kutafuta kifua cha bibi yake, hakupata kitu, akalia.

"Anatafuta," Bonifasia alisema. "Usiku kucha anatafuta."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kuniambia wanampeleka mwanangu?"

"Nimekuja kuuliza. Jumamosi, Deodata alibaki nyumbani kwa sababu gani?"

"Mwenye mtoto mchanga haendi maziko kwetu. Hewa ya kaburini si nzuri kwa mtoto. Alibaki apumzike."

"Alijua kwamba siku ya maziko watu hawaendi mtoni?"

Bonifasia alimfuta mtoto shingo. "Kujua alijua. Lakini alikuwa mtu wa Biharamulo, kama wewe, nasikia lafudhi yako. Kwao anayepumzika ni mwenye msiba na jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nilimwambia, mkamwana, hapa hata mfiwa akiwa mlima wa pili, jembe linakaa ndani. Akacheka. Muhogo ukifika siku yake ataufuata tu, hata afe nani." Alichovya tena kijiko kwenye maziwa. "Alikuwa mchapakazi. Wanasema mwanangu alimtishia. Unajua walikuwa wanagombania nini? Alikuwa anambeba mtoto kwenda naye kila mahali, juani. Theonest akamwambia ukimtoa tena na homa hii nitakutupa ziwani. Ndivyo watu wanavyosema."

"Siku hiyo mtoto alikuwa amevikwa nini alipoletwa?"

"Shali lake hili hili. Nimelifua mara mbili, na sabuni ya mche, doa halitoki."

Alilitandua shali. Lilikuwa la rangi ya maziwa. Upande mmoja, pale mkono wa mtu unaposhika mgongo wa mtoto, kulikuwa na alama nyeusi nne za mviringo na moja pembeni.

Danstan aliinama, akanusa. "Sabuni tu. Lakini hii ni grisi, afande. Grisi yenyewe ya mashine. Mafuta ya samaki yangetoka."

"Theonest ana kazi nyingine yenye mashine?"

"Mashine ataitoa wapi?" Bonifasia alisema. "Hata cherehani hana."

Francisca alilikunja shali, akaandika hati ya kulichukua, akamsomea bibi maneno yote, akamwekesha dole gumba. Halafu akavua sweta yake, akamfunika mtoto.

Njiani alimwuliza Danstan, "Wewe ni mtu wa hapa. Umepewa ruhusa ya kufungua maji ya ziwa lote kwa nguvu, kuondoa tope. Utachagua siku gani ambayo una hakika hakuna mtu mtoni?"

Danstan alikata kona kuelekea kwenye mtambo.

*

Nyumba ya mtambo ilikuwa ya matofali, chini ya ukuta, na ndani mngurumo ulijaa hadi kwenye meno. Mzee Niyonzima, mwendesha mitambo, alikuwa na miaka karibu sitini, ovaroli ya bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinyanyuka kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Chai ipo kwenye chupa."

"Asante, tumekunywa. Nataka nielewe kazi yako tu. Tope la ziwa unaliondoaje?"

"Kuna lango la chini." Alionyesha juu, kwenye gurudumu kubwa la chuma lililokaa kwenye mhimili mrefu wenye nyuzi kama za skrubu. Nyuzi zile ziling'aa kwa grisi. "Unazungusha gurudumu, lango linanyanyuka, maji yanatoka na tope lake. Saa moja, unafunga."

"Na watu wa chini?"

"Kwanza king'ora. Mara tatu. Unasubiri robo saa. Ndipo unafungua. Ndiyo sheria, imeandikwa pale ukutani."

"Mara ya mwisho kufungua ilikuwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Si Jumamosi?"

"Jumamosi palikuwa na maziko."

"Naomba daftari la kina cha maji."

Mzee alilileta mwenyewe, kwa mikono miwili. Kila saa alikwenda kwenye kipimo kilichosimikwa ziwani, akasoma, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa wima, namba zimepangana kama za mwalimu. Francisca alifungua Jumamosi, akaweka kidole.

"Saa tatu, mita tatu na sentimita arobaini na mbili. Saa nne, arobaini na mbili. Saa tano, kumi na nane." Aliinua macho. "Sentimita ishirini na nne kwa saa moja, baba. Ziwa zima. Yalikwenda wapi?"

Niyonzima alitazama daftari kana kwamba si yeye aliyeliandika.

"Kwenye safu ya lango hukuandika kitu. Kwenye safu ya kina umeandika ukweli. Kwa nini?"

"Kina hakidanganywi," mzee alisema taratibu. "Nikiandika uongo hapo, mwenzangu wa zamu anaweza kuua mtambo."

Danstan alikuwa amesimama karibu na mlango, kando ya toroli. Francisca alifungua mfuko, akalitandaza shali la Iteka juu ya meza, alama zikiwa juu.

"Weka mkono wako hapa, baba."

Hakuuweka. Alikaa kwenye kigoda. Alivua miwani, na uzi wake ukabaki unaning'inia sikioni.

"Una haki ya kunyamaza," Francisca alisema. "Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Ijumaa mvua ilileta tope jingi. Jumapili kulikuwa na harusi, umeme usingetosha. Ilikuwa lazima nifungue Jumamosi. Mwenzangu alikuwa mazikoni. Nilishika mpini wa king'ora, mwanangu. Nilikishika. Nikasikia wimbo kutoka kule juu, jeneza linatolewa kanisani. Yule katekista ndiye aliyenifundisha kusoma. King'ora kile kinasikika hadi makaburini. Nikasema, nitampigia kelele leo? Mtoni hakuna mtu. Siku ya maziko mtoni hakuna mtu."

"Isipokuwa nani?"

Mzee alifunika uso. "Mwenye mtoto mchanga," alisema. "Nilimsahau mwenye mtoto mchanga."

Mtambo ulinguruma. Francisca aliandika hadi mwisho wa mstari.

"Uliteremka saa ngapi?"

"Saa tano, nimefunga lango. Nilisikia mtoto analia. Nikasema ni mbuzi. Nikamkuta juu ya ukingo, kwenye kivuli, amelazwa vizuri juu ya khanga. Siafu walikuwa wameshafika kwenye khanga. Nikamnyakua. Mama yake alikuwa amekwama kwenye mawe, huko chini zaidi. Nilimgusa shingo. Alikuwa ameshakwisha."

"Halafu?"

"Nilimfunika kwa majani ya mgomba. Nikambeba mtoto hadi kwao. Nikamlaza mlangoni."

"Nyumba haina mtu, ukamwacha?"

"Sikumwacha!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nilikaa nyuma ya migomba. Nilimtazama mpaka baba yake akaja. Alikuja saa sita kwa njia ya dukani, na nguo zake za msibani, tope la kaburi kwenye viatu. Akamwokota, akaita, Deodata, Deodata. Ndipo nikaondoka. Nikamchukua yule mama kwa toroli, nikampandisha, nikamtia ziwani kwa mtumbwi. Mwaka jana mgeni alizama ziwani, hakushitakiwa mtu. Nikadhani na safari hii ziwa ndilo litalaumiwa. Sikujua watamkamata mtu."

"Jumapili jioni ulijua."

Mzee aliivaa tena miwani.

"Deodata alikufa kati ya saa nne na saa tano," Francisca alisema. "Saa hizo Theonest alikuwa anachimba kaburi mbele ya kijiji kizima. Na saa sita ulimwona kwa macho yako anafika nyumbani. Baba, siku tatu hizi katika wilaya nzima alikuwa na shahidi mmoja tu, naye ni wewe. Ulikuwa hapa, unakunywa chai."

"Kila asubuhi nilisema nitakwenda," mzee alisema. "Kila asubuhi nikaenda kusoma kipimo kwanza."

Alisaini maelezo yake, kurasa tatu. Mwandiko ulikuwa ule ule, wima.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Danstan alitoa pingu, akasita. Mzee alikuwa ameinua kichwa anasikiliza kitu.

"Afande, milimani huko juu inanyesha tangu mchana. Kipimo kiko mita tatu na nusu. Lango lisipofunguliwa leo maji yatapita juu ya ukuta. Mwenzangu anaingia saa moja, atachelewa. Niacheni nimwonyeshe huyu kijana."

Francisca alipanda naye hadi kwenye kipimo. Alikisoma mwenyewe. Alitazama mawingu upande wa Mbuba, kisha akakubali kwa kichwa.

King'ora kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono. Danstan alishika mpini, mzee akasimama pembeni bila kugusa kitu. "Polepole kwanza. Haya, ongeza. Usiachie. Mpaka mkono ukuume." Sauti ikaanza chini, ikapanda, ikalijaza bonde. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kutoka ukutani Francisca aliona mahali pa kulowekea pote. Niragira na wenzake walikuwa wanachomeka mambo mpya. Walinyooka, wakaokota vitu vyao, wakapanda ukingo mmoja nyuma ya mwingine bila kukimbia. Vitambaa vilibaki juu ya mambo zake, cha njano kati yake.

Alitazama saa. Robo saa ni ndefu mtu akiingoja amesimama. Wakati wa kungoja alimpigia Mkuu wa upelelezi, akamsomea namba za daftari, saa moja baada ya nyingine, na maelezo ya mzee.

"Una uhakika na hizo namba?" sauti iliuliza.

"Kaziandika mwenyewe, mkuu."

"Jalada la Theonest halitakwenda. Mlete huyo."

"Naomba kwanza niongee na Theonest."

Simu ilipelekwa kwenye korido, mlango ukagongwa, ufunguo ukazungushwa. Chini ya ukuta lango lilinyanyuka kwa mlio, na maji meusi yakatoka, yakapita kwenye changarawe, yakavifunika vitambaa vyote tisa.

"Theonest? Ni Sajenti Francisca. Kesho hupelekwi mahakamani. Unarudi kwa mtoto."

Hakushangilia.

"Afande," alisema, "nani alimlaza mtoto mlangoni?"

Francisca aligeuka. Mzee Niyonzima alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mtambo na tambara lenye mafuta ya taa, anajifuta kidole kimoja kimoja, taratibu, Danstan akimsubiri na pingu.

"Nimempata," alisema. "Yuko hapa. Anasafisha mikono."